Kisenyi, Katwe na Nakivale: shajara ya safari miongoni mwa Wasomali na Wakongomani wa Uganda

Jumatatu: Busia hadi Kampala

Basi la usiku kutoka Nairobi lilifika Busia kabla ya alfajiri, na abiria wote tukateremka kwenda kugonga mihuri katika kituo cha pamoja cha mpakani, ambako maofisa wa Kenya na wa Uganda hufanya kazi chini ya paa moja. Mbele yangu kwenye foleni walikuwapo akina mama wa Kisomali kutoka Eastleigh, wenye vitambulisho vya Kenya, waliokuwa wakienda harusini Kampala. Nyuma yangu alisimama kijana wa Kikongomani mwenye hati ya kusafiria ya wakimbizi, ambayo ilifunuliwa ukurasa baada ya ukurasa kabla hajarudishiwa. Tulipoingia Kampala, gari la jamaa zao lilikuwa likiwasubiri wale akina mama, naye kijana akaniuliza nauli ya bodaboda hadi Katwe ni kiasi gani, nami mgeni sikuwa na jibu la kumpa.

Mkasa huo mdogo hauthibitishi chochote, ila unaelekea kwenye jambo lililonileta. Uganda inapokea wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, zaidi ya milioni 1.5, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 pamoja na kanuni zake za mwaka 2010 zinawaruhusu kufanya kazi, kufungua biashara na kusafiri ndani ya nchi. Anayekubali kukaa katika makazi ya vijijini hupewa kipande cha ardhi, na kwa miaka mingi alipewa pia mgao wa chakula. Anayechagua kukaa Kampala hujitegemea. Wakongomani ni zaidi ya nusu milioni, Wasomali ni makumi ya maelfu tu. Sheria inayowahusu ni hiyo hiyo, na jiji ni hilo hilo, lakini ukitaja Wasomali mbele ya mwenyeji wa Kampala atakuambia habari za maduka, na ukitaja Wakongomani atakuambia habari za muziki, makanisa na wachuuzi wa vitenge. Nilitaka kujua tofauti hiyo inatengenezwa wapi.

Jumanne: Kisenyi

Kisenyi iko bondeni, kati ya soko la Owino na mteremko wa Mengo, na mtu akiingia kutoka upande wa sokoni huisikia kabla hajaiona: adhana, honi za malori ya mchele, na sauti za watu wanaonunua na kuuza kwa Kisomali, Kiluganda na Kiswahili cha Nairobi. Migahawa huuza tambi na nyama ya mbuzi, na chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi. Ghorofani kuna nyumba za kupanga ambamo familia kadhaa hugawana vyumba, na chini kuna maduka ya jumla, maduka ya simu na ofisi za hawala, yaani za kutuma na kupokea fedha.

Wasomali hawakuja hapa wote kwa pamoja. Wapo wazee ambao baba zao walikuwa madereva, askari na wachuuzi wa mifugo tangu enzi za Waingereza, na wapo waliofika baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991. Waliotangulia walijua njia za biashara na taratibu za leseni, na waliofuata wakapokewa na watu wa kwao. Ukoo uliotangulia kwa miaka 30 ni mtaji, ingawa hauonekani katika vitabu vya hesabu.

Mwenyeji wangu, mwenye duka la vyakula vya jumla, alilelewa Garissa na Kiswahili chake ni safi. Nilikaa naye nyuma ya meza tangu saa tatu asubuhi hadi Magharibi, na kilichonishughulisha zaidi ni daftari lake. Ni daftari la kawaida la shule lenye jalada gumu. Kila mteja wa mkopo ameandikwa jina lake, la baba yake na la babu yake, kisha idadi ya magunia, kisha tarehe, na mwisho jina la mtu aliyemtambulisha. Adhuhuri simu iliita kutoka Nakivale, kusini-magharibi mwa nchi. Mteja alitaka mchele, mafuta ya kupikia na katoni za samaki wa kopo, wale tuna wanaovuliwa mbali Asia na kufika hapa kwa kupitia Dubai na Mombasa. Hapakuwa na mkataba wala malipo ya awali. Jioni mzigo ulipakiwa kwenye gari la Mbarara, na fedha zitarudi kwa simu, kidogo kidogo, kadiri bidhaa zinavyouzwa.

Nilimuuliza akikataa kulipa itakuwaje.

"Hapa hatudai mtu mmoja," akasema. "Nikipiga simu, wazee wake watajua leo leo. Kesho hakuna atakayempa hata kibiriti, awe Kampala au Nairobi."

Mtaji wa kuanzia hutoka sehemu kadhaa. Kuna ubia, ambamo jamaa hununua hisa na kugawana faida na hasara bila riba. Kuna ayuuto, mchango wa mzunguko ambao akina mama huuendesha kwa nidhamu kali, na ambao zamu ikifika huweza kumpa mtu fedha za kukodi kibanda na kukijaza. Kisha kuna fedha za jamaa walioko Minneapolis, London na Ghuba. Dahabshiil, kampuni ya hawala inayojulikana kuliko zote katika mitaa hii, ilianzishwa na Mohamed Saeed Duale mjini Burao mwaka 1970, na vita vya mwaka 1988 vilipowatawanya watu wa kaskazini mwa Somalia, ilikua kwa kuwafuata kule walikokimbilia.

Nairobi nimewahi kusikia kwenye meza za chai kwamba utajiri wa Wasomali una siri. Katika duka hili sikuona siri. Niliona vijana wa Kiganda wawili wakihudumia wateja kwa Kiluganda, mlinzi kutoka Teso, na mpagazi wa Kikongomani aliyelipwa kwa kila gunia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa mwaka 2014 uligundua kwamba asilimia 21 ya wakimbizi wa Kampala walikuwa na biashara zilizoajiri angalau mtu mwingine mmoja, na kwamba asilimia 40 ya walioajiriwa walikuwa raia wa Uganda. Mwenyeji wangu hakuwahi kuusikia utafiti huo, na nilipomtajia takwimu zake alijibu kwamba kwake raia ni wengi kuliko hapo, kwa kuwa Msomali mwenzake akishajua kazi huondoka kufungua duka lake.

Jumatano: Katwe na Nsambya

Katwe ni mtaa wa mafundi wa vyuma, na milio ya nyundo huanza mapema. Nyuma ya karakana kuna mistari ya vyumba vya kupanga ambavyo hapa huitwa mizigo, chumba kimoja kimoja, mlango ukitazama mlango. Katika chumba kimojawapo anaishi mama kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo, mumewe na watoto wao, na pazia ndilo linalotenga mahali pa kulala na mahali pa kupikia. Aliniruhusu niambatane naye siku nzima kwa sharti kwamba nisiandike jina lake na nisimcheleweshe.

Kazi yake ni kutembeza vitenge. Saa mbili asubuhi tulikuwa katikati ya jiji, kwenye duka la jumla la mfanyabiashara wa Kiganda, naye akachagua vipande vitano, kila kimoja cha yadi sita. Havinunui. Anavichukua kwa dhamana ya maneno: jioni arudishe ambavyo havijauzwa na alipe vilivyouzwa, na chochote alichozidisha juu ya bei ya duka ni chake. Mkopo huo huisha jua linapozama, na kesho huanza upya. Alipata nafasi hiyo kwa kuwa mchuuzi mwenzake aliyetangulia alimpeleka na kusema, huyu ni mwaminifu. Mwenzake huyo akikosea, naye atakosa vitenge.

Vipande vitatu aliviweka kichwani katika mfuko, kimoja begani kikiwa kimekunjuliwa kiasi cha kuonyesha maua, na kingine mkononi. Tulipanda Nsambya, tukashuka Kabalagala, tukaukwea mlima wa Muyenga ambako kuna nyumba kubwa zenye mageti. Getini hazungumzi na mwenye nyumba kwanza. Anazungumza na msichana wa kazi, kwa Kiluganda, anamwita nnyabo kwa heshima, anamsifia, anamwachia nafasi ya kushika kitambaa. Msichana ndiye anayekwenda kumwita bibi wa nyumba. Nilihesabu kimoyomoyo nyumba zilizotufukuza nikaacha. Hadi saa kumi alikuwa ameuza vipande viwili, kimoja kwa faida ya kuridhisha, kingine kwa faida ambayo haikutosha kununua kilo ya unga wa muhogo na dagaa wa jioni.

"Pa Kampala, miguu ndiyo makuta," yaani ndiyo fedha, aliniambia tulipopumzika chini ya mwembe.

Anachohofia ni askari wa jiji. Kuchuuza bila leseni ni kosa, leseni inahitaji kibanda, na kibanda kinahitaji kodi ya miezi kadhaa ya mbele. Akikamatwa, vitenge vinachukuliwa, na deni la dukani linabaki. Ilimtokea mwaka jana, na alimaliza kulilipa kwa kufua nguo za watu. Hapa ndipo nilipoanza kuiona tofauti kwa uwazi zaidi. Msomali wa Kisenyi akipata hasara ya namna hiyo, hasara hugawanywa na watu wengi wenye uwezo. Mama huyu anao watu wengi wanaomwonea huruma, lakini wote wanatembeza vitenge.

Mumewe alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari, na diploma yake, iliyoandikwa kwa Kifaransa, ameiweka katika bahasha ya plastiki juu ya kabati. Kampala hawezi kufundisha kwa Kiingereza, na wanaotaka masomo ya Kifaransa ni wachache, kwa hiyo huenda kibarua kwenye majengo. Watoto wao walirudishwa madarasa ya nyuma walipofika kwa sababu hiyo hiyo, ingawa sasa mkubwa anazungumza Kiluganda kuliko mtoto wa mwenye nyumba. Elimu waliyotoka nayo Wakongomani wa mjini mara nyingi ni kubwa kuliko ya wafanyabiashara niliokutana nao jana, lakini ni elimu inayomhitaji mwajiri, na mwajiri hayupo. Msomali asiye na cheti huajiriwa na binamu yake ambaye hamwombi cheti.

Alasiri nilipita Nsambya kuiona YARID, asasi ambayo vijana wa Kikongomani waliianzisha mwaka 2007. Walianza kwa mpira wa miguu, ili vijana wa makabila yaliyopigana kule nyumbani wapate sababu ya kusimama uwanja mmoja, kisha wakagundua kwamba wachezaji wote wana tatizo moja la lugha, wakafungua madarasa ya Kiingereza. Sijaona asasi ya namna hiyo Kisenyi, na sioni ajabu: huko kazi yake hufanywa na ukoo.

Alhamisi

Mvua ilinyesha kutwa, barabara za chini zikajaa maji, na sikutoka ila kwenda kula. Siku ya mvua mchuuzi hapati kitu, ilhali daftari la Kisenyi huendelea kuandikwa.

Ijumaa: Kisenyi tena

Nilirudi baada ya sala ya Ijumaa kwa sababu sikutaka kuondoka na picha ya watu wasio na dhiki. Mwenyeji wangu alinielekeza kwa mama auzaye chai kwenye kona, naye akaniambia kwa Kiswahili cha Kismayu, bila kung'ata maneno, kwamba Kisenyi ina Wasomali na Wasomali. Yeye ni wa jamii ya Wabantu wa bonde la Juba, wale ambao baadhi ya mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani ya Tanganyika na Msumbiji katika karne ya 19, na ambao hadi leo koo kubwa hazioi kwao. Kwa hiyo daftari halina safu ya babu yake. Hupata sadaka Ramadhani, hupata zaka, hapati mkopo. Aliwahi kuomba magunia mawili ya sukari akaambiwa alete mdhamini, na mdhamini aliyemtafuta alikuwa mwenye nyumba wa Kiganda.

Wavu wa ukoo, basi, una matundu, na wanaopita kwenye matundu hayo huanguka chini kuliko Mkongomani wa Katwe, maana mama wa vitenge anao angalau majirani wanaojua lugha yake, naye anajua yao. Mama wa chai hatoki nje ya mtaa. Kiluganda chake ni cha kutaja bei.

Kuna dhiki nyingine ambayo haichagui ukoo. Tarehe 11 Julai 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu ya al-Shabaab yaliua zaidi ya watu 70 katika mgahawa wa Kabalagala na kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo, kwa sababu majeshi ya Uganda yalikuwa Mogadishu tangu mwaka 2007. Wasomali wa Kisenyi walijifungia ndani kwa siku kadhaa, na vijana waliokuwa watoto wakati huo bado huombwa vitambulisho mara nyingi kuliko wenzao. Mfanyabiashara huweza kununua jenereta na kuajiri walinzi, lakini hawezi kununua hali ya kutotiliwa shaka. Mkongomani akikaa kimya kwenye taksi hudhaniwa kuwa Mganda. Msomali hujulikana kabla hajaketi.

Na wapo vijana ambao hawafanyi lolote. Nilikaa nao kibarazani hadi usiku, wengi wakiishi kwa dola zinazotumwa kila mwezi, wakingoja kupelekwa Marekani au Kanada. Hali hiyo ya roho kuwa ughaibuni wakati mwili uko Kisenyi wao wanaiita buufis, na wanaizungumzia kama ugonjwa unaofahamika. Fedha za jamaa zinazomwezesha mmoja kufungua duka humwezesha mwingine kukaa miaka kumi bila kujifunza kazi. Katwe sikukuta kijana wa kukaa namna hiyo. Kule asiyetoka asubuhi hali jioni. Kwa macho yangu, Wakongomani wanaofanya kazi ni wengi kuliko Wasomali wanaofanya kazi, na wanachokipata ni kidogo zaidi, na kila ninayemwambia hivyo katika jamii zote mbili hanibishii.

Jumapili: kanisani Makindye

Kanisa ni turubai na mabati, na ibada ilichukua muda wa saa nne, kwa Kiswahili, Lingala na Kifaransa, mkalimani wa Kiluganda akisimama pembeni kwa ajili ya majirani waliokuja. Majirani hao hawakuwa wachache. Ndoa mbili zilizotangazwa zilikuwa za Mkongomani na Mganda, jambo ambalo huko Kisenyi lingeitisha kikao cha wazee.

Baada ya ibada ulifanyika mchango wa mazishi, kisha akina mama wakabaki kwa ajili ya likelemba, ambayo ni mzunguko wa fedha kama ayuuto. Nilidhani hapa nitapata ufanano kamili, na kwa utaratibu ndivyo ulivyo: kila mmoja anatoa, mmoja anachukua. Tofauti iko kwenye kiasi na umri. Zamu ya likelemba niliyoiona hutosha kulipa kodi ya chumba au karo ya muhula, haifiki kwenye mtaji wa duka, na vikundi huvunjika kila anapohama mtu kumfuata askofu mwingine, kurudi makazini Nakivale au kupata safari ya Ulaya.

Nilimuuliza mzee wa kanisa kwa nini hawaunganishi vikundi vya makanisa yote ili fedha zikue. Alinitazama kwa muda, kisha akanitajia waliokuwamo ndani: Wabembe, Wafulero, Wabashi, Wanyamulenge. Waumini walioketi kwenye viti vya plastiki wamekimbia vita ambavyo watu wa kabila la jirani yao walishika bunduki, na wengine walikimbia tena baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Bunagana mwezi Juni 2022. Kusali pamoja wanaweza, na kuzikana wanazikana. Kuwekeana fedha za miaka mitano ni jambo jingine. Wasomali nao wana historia ya koo kuuana, lakini katika biashara kila ukoo unatosha kuwa na wauzaji wa jumla, wasafirishaji na jamaa wa nje. Mgawanyiko wa Wakongomani unawakata katika vipande ambavyo kila kimoja ni kidogo mno.

Jumatatu: barabara ya Mbarara

Tulipita mstari wa Ikweta pale Kayabwe bila basi kupunguza mwendo, tukala matooke na nyama Lyantonde, tukalala Mbarara.

Jumanne: Nakivale

Kutoka Mbarara hadi Nakivale ni barabara ya vumbi inayopita kati ya vilima vya Isingiro, kati ya migomba na ng'ombe wenye pembe ndefu. Makazi haya yalianza kupokea Watutsi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na ni miongoni mwa makazi makongwe kabisa ya wakimbizi barani. Kwa anayetazama haraka ni wilaya ya kawaida yenye shule, zahanati, minara ya simu na soko, ila katika soko moja utasikia Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kiamhari na Kiswahili cha Kivu.

Hapa jamii zangu mbili hukutana kwenye mizani. Wakongomani wengi hulima: mahindi, maharage, muhogo. Wasomali karibu wote hawalimi. Waliopewa vipande huwakodishia Wakongomani au Warundi, nao hukaa sehemu ya Base Camp wakiendesha maduka, migahawa na usafiri. Mahindi yakikomaa, mkulima anahitaji fedha siku hiyo hiyo kwa ajili ya karo na madeni, hivyo humwuzia mchuuzi wa Uganda aliyekuja na lori lake, kwa bei ya msimu wa shibe. Baada ya miezi mitatu ghala la nyumbani ni tupu, na mkulima huyo huyo hununua unga na mchele kwenye duka la Msomali kwa bei ya msimu wa njaa. Zamani mgao wa chakula ulijaza pengo hilo. Mgao ulipunguzwa mwaka 2020, ukapunguzwa tena mwaka 2021, na tangu mwaka 2023 familia zimepangwa kwa makundi, wanaohesabiwa kuwa wanajiweza wakiondolewa kabisa. Maduka ya Wasomali hayakusababisha hali hiyo, lakini ndiyo yanayofaidika nayo, na nilisikia manung'uniko ya wazi kwa Wakongomani, baadhi ya haki na baadhi ya wivu.

Manung'uniko hayazuii biashara. Mafundi cherehani wa Kikongomani ndio wanaowashonea mabinti wa Kisomali nguo za harusi, na nilimkuta mmoja anayepima kwa kukadiria kwa macho, kwa sababu za heshima, kisha anamtuma mkewe nyuma ya pazia na utepe. Alasiri nilikaa katika duka la mteja yule aliyepiga simu Kisenyi, kwa kuwa nilitaka kuona mwisho wa safari ya zile katoni za samaki. Zilikuwa zimefika, nusu zimeuzwa.

Wakati huo aliingia mkulima wa Kikongomani mwenye kibanda chake huko Juru, umbali wa saa kadhaa kwa miguu, akitaka magunia matatu ya mchele na katoni moja ya sabuni kwa mkopo wa mwezi mmoja. Mwenye duka alimwita papa, yaani baba, kwa heshima na kumwagizia chai, kisha akauliza mdhamini. Mkulima alikuwa amejitayarisha. Alikuja na fundi cherehani, yule wa utepe, ambaye kwa miaka mingi amefahamika na kila nyumba ya Kisomali katika Base Camp. Walivutana juu ya muda, wakakubaliana wiki tatu badala ya nne, na bei ya gunia ikapandishwa kidogo kuliko ya taslimu, jambo ambalo mwenye duka alilieleza kuwa ni bei tofauti, wala si riba.

Daftari likafunguliwa. Katika safu ya jina la babu likaandikwa jina la fundi. Mkulima alisoma alichoandikiwa, akauliza itakuwa lini jina lake litasimama peke yake.

"Lipa hii, papa, halafu lipa na ya pili," mwenye duka akamjibu. "Ya tatu usije na mtu."

Fundi alisema yeye hana shida kudhamini hata mara ya tatu, ilimradi alipwe kwa gunia moja la mahindi wakati wa mavuno, na wale wawili wakaanza kubishana upya juu ya ukubwa wa gunia.